SEAN LESTER: MLINZI WA DANZIG ALIYEACHWA PEKE YAKE

Yapata kilomita 50 kaskazini ya mji wa Lilongwe, katika wilaya ya Dowa, ipo kambi ya Dzaleka. Zamani mahali hapo palikuwa gereza, na jina lenyewe kwa Kichewa lina maana ya nitaacha, yaani sitarudia tena. Tangu mwaka 1994 gereza hilo limekuwa makazi ya wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko. Kufikia mwaka 2023 idadi yao ilikuwa imepita 50,000, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazosikika humo tangu alfajiri hata usiku.

Ardhi ya Dzaleka ni ya Malawi, sheria ni ya Malawi, na polisi wanaolinda usalama ni wa Malawi. Hata hivyo upo pia mkono wa Umoja wa Mataifa, kwa njia ya Shirika lake la Kuhudumia Wakimbizi, ambalo kiongozi wake mkuu kule Geneva huitwa Kamishna Mkuu. Cheo hicho kilirithiwa kutoka kwa Shirikisho la Mataifa, chombo kilichoundwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza na kuzikwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Shirikisho lilikuwa na Kamishna Mkuu wa wakimbizi, na lilikuwa pia na Kamishna Mkuu wa namna nyingine, aliyewekwa kuusimamia mji mmoja tu uliogombewa na mataifa mawili. Mji huo ni Danzig, ambao siku hizi huitwa Gdańsk, nchini Poland.

Miongoni mwa walioshika kazi hiyo ya Danzig, Bw. Sean Lester wa Ireland anastahili kujulikana na kila askari na kila polisi. Hakuwa mwanajeshi, wala hakuwahi kuongoza kikosi. Lakini maisha yake yanaonyesha kwa uwazi mkubwa nini hutokea pale sheria inapokuwa na mlinzi asiye na nguvu, na pale wenye nguvu wanapoacha kuitii sheria.

KIJANA WA CARRICKFERGUS

Lester alizaliwa tarehe 28 Septemba, 1888, huko Carrickfergus, kaskazini ya Ireland, wakati nchi hiyo yote ilipokuwa ikitawaliwa na Uingereza. Baba yake alikuwa mwenye duka, na nyumba yao ilikuwa ya Kiprotestanti. Katika sehemu hiyo ya nchi Waprotestanti wengi walipenda kubaki chini ya Mfalme wa Uingereza, lakini kijana Lester alifuata njia nyingine. Alijifunza lugha ya Kiayalandi, akajiunga na wale waliotaka nchi yao ijitawale, na jina lake la ubatizo, John Ernest, akaliacha na kujiita Sean.

Kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa uandishi wa habari. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi kuwa mhariri wa habari wa gazeti la Freeman's Journal mjini Dublin. Ireland ilipopata serikali yake mwaka 1922, vijana wa namna yake walihitajika, kwa kuwa taifa jipya halikuwa na mabalozi wala watu waliozoea mambo ya nje. Mwaka 1923 akaingia katika Idara ya Mambo ya Nje, kwanza akishughulikia habari na matangazo. Mwaka 1929 akapelekwa Geneva kuwa mjumbe wa kudumu wa Ireland katika Shirikisho la Mataifa.

Sisi wa Afrika, tulioona bendera zetu zikipandishwa katika miaka ya 1960, twaweza kuelewa hali ya mjumbe huyo. Alitoka katika nchi ndogo, isiyo na jeshi kubwa wala manowari, na alijua kwamba kinga ya nchi ndogo ni sheria inayowafunga wakubwa na wadogo sawasawa. Mwaka 1930 Ireland ilichaguliwa kuingia katika Baraza la Shirikisho, na Lester akaonyesha uwezo wa kusuluhisha. Colombia na Peru zilipogombania mji mdogo wa Leticia, kando ya mto Amazon, yeye ndiye aliyeongoza kamati ya Baraza iliyotafuta amani. Mwaka 1933 mji ule uliwekwa kwa muda wa mwaka mmoja chini ya tume ya Shirikisho, kisha ukarudishwa kwa Colombia bila vita kuendelea. Sifa hiyo ndiyo iliyomletea uteuzi wa Danzig.

MJI WENYE MABWANA WATATU

Danzig ulikuwa mji wa bandari penye mdomo wa mto Vistula, katika bahari ya Baltiki. Zaidi ya watu tisa katika kila kumi walisema Kijerumani, lakini Poland iliyofufuliwa mwaka 1918 haikuwa na mlango mwingine wa kutokea baharini. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukajaribu kuwaridhisha wote wawili. Mji ukaondolewa katika Ujerumani, lakini haukupewa Poland. Mwezi wa Novemba, 1920, ukatangazwa kuwa Mji Huru, wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,950 na watu wasiofika nusu milioni.

Utawala wake uligawanywa hivi. Wakazi walikuwa na Bunge lao, Seneti iliyofanya kazi ya serikali, mahakama zao na polisi wao. Poland ilipewa haki katika bandari, reli na ushuru wa forodha, posta yake yenyewe mjini, na usimamizi wa mambo ya nje ya mji. Baadaye ikaruhusiwa pia kuweka ghala la silaha na kikosi kidogo cha ulinzi mahali paitwapo Westerplatte. Juu ya yote hayo likasimama Shirikisho la Mataifa, lililoidhamini katiba ya mji na kumweka Kamishna Mkuu aamue magomvi kati ya Danzig na Poland, na kupeleka Geneva taarifa za kila uvunjaji wa katiba.

Kwa mpango huo Kamishna Mkuu alikuwa na heshima, nyumba nzuri na haki ya kuandika taarifa. Hakuwa na askari hata mmoja. Polisi wa mji walimtii mkuu wao, naye mkuu wao aliitii Seneti. Maadamu Seneti ilikuwa na nia ya kuheshimu katiba, jambo hilo halikuonekana kuwa kasoro kubwa. Mwezi wa Mei, 1933, Chama cha Nazi kilishinda uchaguzi wa Danzig kwa viti 38 kati ya 72, na kasoro ile ikawa shimo.

Lester alianza kazi yake Danzig mwanzoni mwa mwaka 1934. Mkuu wa Chama cha Nazi mjini alikuwa Albert Forster, aliyepokea amri zake moja kwa moja kutoka kwa Hitler. Kuanzia mwisho wa mwaka 1934 Seneti iliongozwa na Arthur Greiser. Hawa wawili walitaka kuugeuza mji uwe mfano mdogo wa Ujerumani mpya. Lakini katiba ilikuwa bado hai, na katiba ilidai theluthi mbili ya Bunge kabla ya kubadilishwa. Katika uchaguzi wa Aprili, 1935, viongozi wakubwa wa Ujerumani, akina Göring, Hess na Goebbels, walikuja wenyewe kupiga kampeni, magazeti ya upinzani yakakamatwa na wapinzani wakapigwa. Pamoja na hayo yote Wanazi walipata viti 43, wakashindwa kufikia viti 48 walivyovihitaji.

Ni vema kulinganisha na mahali pengine mwaka huohuo. Mwezi wa Januari, 1935, watu wa jimbo la Saar, mpakani mwa Ujerumani na Ufaransa, walipiga kura kuamua wawe wa nchi gani. Jimbo hilo nalo lilikuwa chini ya Shirikisho. Lakini huko Shirikisho lilipeleka askari wapatao 3,300 kutoka Uingereza, Italia, Sweden na Uholanzi. Kura ikapigwa kwa utulivu, Ujerumani ikashinda kwa wingi mkubwa, na askari wakaondoka. Danzig, ambako vitisho vilikuwa vikali, haikupelekewa kikosi chochote.

SHERIA NA POLISI

Watu wa Danzig walioonewa walikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha: nyumba ya Kamishna Mkuu. Wasoshalisti, Wakatoliki na Wayahudi walipeleka malalamiko yao huko, na Lester akayapeleka Geneva. Jambo zito kuliko yote lilihusu sheria ya jinai. Mwezi wa Agosti, 1935, Seneti ilitoa amri zilizomwezesha hakimu kumwadhibu mtu kwa kosa lisiloandikwa katika sheria yoyote, ilimradi lionekane linafanana na kosa lililoandikwa, au ionekane kwamba hisia za taifa zadai adhabu. Yaani raia hangeweza tena kujua mapema lipi ni halali na lipi ni haramu.

Mwanajeshi au polisi yeyote aliyefundishwa kazi yake atauona ubaya wa amri hizo mara moja. Askari anapomkamata mtu huwa na sheria mkononi, na sheria hiyo humlinda aliyekamatwa na humlinda askari mwenyewe pia. Ikiondolewa, kinachobaki ni amri ya bwana mkubwa. Shauri hilo lilipelekwa katika Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa huko Hague, na tarehe 4 Desemba, 1935, mahakama ikatoa maoni kwamba amri hizo zilipingana na katiba ya Danzig. Mwezi uliofuata Baraza la Shirikisho, ambako Bw. Anthony Eden wa Uingereza ndiye aliyekuwa na dhamana ya mambo ya Danzig, lilimbana Greiser hadi akaahidi kujirekebisha. Huo ulikuwa ushindi wa Lester, na ulikuwa wa mwisho.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwezi wa Machi, 1936, majeshi ya Hitler yaliingia katika jimbo la Rhineland kinyume cha mkataba, wala hakuna aliyeyazuia. Mwezi wa Mei, Italia iliuteka Addis Ababa, baada ya kuwashambulia Waethiopia kwa ndege na gesi ya sumu. Tarehe 30 Juni, Mfalme Haile Selassie alisimama katika Mkutano wa Shirikisho kule Geneva kuitetea nchi yake, akazomewa na waandishi wa habari wa Kitaliani. Hakupata alichokiomba, na siku chache baadaye vikwazo dhidi ya Italia vikafutwa.

Danzig nayo haikusalimika katika siku hizohizo. Mwishoni mwa Juni manowari ya Kijerumani, Leipzig, ilitia nanga Danzig, na nahodha wake, kwa amri ya Berlin, akakataa kwenda kumwamkia Kamishna Mkuu kama ilivyo desturi. Katika mambo ya kijeshi salamu si jambo dogo: kuinyima ni kutangaza kwamba cheo hicho hakitambuliwi tena. Tarehe 4 Julai, siku nne tu baada ya hotuba ya Haile Selassie, Greiser alifika mbele ya Baraza mjini Geneva, akalitukana Shirikisho, akataka Kamishna Mkuu aondolewe, kisha akawafanyia waandishi wa habari ishara ya dharau kwa vidole puani. Baraza likanyamaza. Aliyeiacha Ethiopia angewezaje kuitetea Danzig?

Tangu hapo nyumba ya Lester ikazungukwa na polisi. Ikaelezwa kwamba ni kwa ajili ya usalama wake, lakini waliokwenda kumwona walihojiwa, na watu wakaogopa kufika. Mlango pekee wa wanyonge ukawa umefungwa, tena na walewale ambao kazi yao ilikuwa kuulinda. Lester aliendelea kuandika taarifa zake bila kupunguza ukweli. Lakini serikali kubwa zilikwisha kuamua kwamba amani ya Ulaya itanunuliwa kwa kumnyamazisha mtu aliyesema sana. Akapewa cheo cha juu zaidi, cha Naibu Katibu Mkuu wa Shirikisho, na mapema mwaka 1937 nafasi yake ya Danzig ikachukuliwa na Carl Burckhardt wa Uswisi. Wakati huo chama cha wasoshalisti wa Danzig kilikuwa kimekwisha kupigwa marufuku, na vyama vilivyobaki vikafuata.

BEI ILIYOLIPWA

Alfajiri ya tarehe 1 Septemba, 1939, kabla ya saa kumi na moja, manowari ya Kijerumani Schleswig-Holstein, iliyokuja Danzig kama mgeni, ilifyatua mizinga yake juu ya Westerplatte. Wapoland wapatao 200, walioagizwa kushikilia ngome kwa saa 12, waliishikilia kwa siku saba. Mjini, wafanyakazi wa posta ya Poland walijitetea kwa siku nzima. Waliowashambulia hawakuwa jeshi la kigeni peke yake: polisi wa Danzig walikuwa mstari wa mbele. Wengi wa watu wa posta waliosalimika walipigwa risasi mwezi uliofuata. Kamishna Mkuu Burckhardt aliamriwa kufungasha na kuondoka asubuhi hiyohiyo.

Moto uliowashwa Danzig uliufikia hata uwanja wetu. Vijana wa Nyasaland katika kikosi cha King's African Rifles, ambacho ndicho mzazi wa Malawi Rifles, walipigana na Waitalia katika Afrika ya Mashariki, na wengine wakapelekwa hadi Burma. Wapoland waliong'olewa makwao walivushwa bahari wakaletwa Afrika, wakajengewa makambi Tengeru karibu na Arusha, Masindi na Koja huko Uganda, na katika nchi za Rhodesia. Tengeru peke yake ilikuwa na watu wapatao 5,000. Anayedhani kwamba wakimbizi ni jambo la Afrika tu akumbuke kwamba wakati mmoja Afrika ilikuwa mwenyeji, na mkimbizi alikuwa Mzungu.

Lester mwenyewe alikuwa Geneva. Mwaka 1940, Ufaransa ilipoanguka, Katibu Mkuu wa Shirikisho, Joseph Avenol, alielekea kukubaliana na washindi, akawaachisha kazi wafanyakazi wengi, kisha akajiuzulu. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo Lester akashika mahali pake. Mwaka huohuo alipojaribu kusafiri kwenda Lisbon kukutana na wasimamizi wa Shirikisho, alizuiwa mpakani mwa Hispania. Akarudi. Kwa miaka yote ya vita alikaa katika jumba kubwa lililokuwa karibu tupu, na watumishi wapatao mia moja, mbali na mkewe na binti zake watatu waliokuwa Ireland. Sehemu nyingine za kazi zilihamishiwa Marekani, Kanada na Uingereza. Yeye alibaki kulinda jina, nyaraka na sheria, ili chombo kisife mikononi mwa Hitler.

Vita vilipokwisha hakupokewa kama shujaa. Mwaka 1945, Umoja wa Mataifa ulipoundwa San Francisco, wajumbe wa Shirikisho walikaribishwa kama watazamaji tu. Mwezi wa Aprili, 1946, Shirikisho lilifanya mkutano wake wa mwisho, likamthibitisha Lester kuwa Katibu Mkuu tangu mwaka 1940, kisha likajivunja lenyewe. Naye akakabidhi kwa Umoja wa Mataifa majengo, maktaba na kumbukumbu zote. Nchi zilizokuwa chini ya udhamini wa Shirikisho, zikiwamo Tanganyika na Ruanda-Urundi, zikaingia katika udhamini wa chombo kipya. Lester akarudi Ireland, akaishi kimya mashambani Connemara, akivua samaki, hadi alipofariki tarehe 13 Juni, 1959. Greiser alikuwa amekwisha kunyongwa huko Poznań mwezi wa Julai, 1946, na Forster naye aliuawa kwa hukumu ya mahakama ya Poland mwaka 1952. Mwaka 2010 mji wa Gdańsk uliita chumba kimoja cha ukumbi wake wa mji kwa jina la Lester.

FUNZO KWETU

Lipo somo moja kubwa katika maisha haya, nalo lina pande mbili.

Upande wa kwanza ni wa mataifa. Udhamini wa katiba usio na kikosi nyuma yake ni ahadi ya maneno. Umoja wa Mataifa ulijifunza hilo kwa uchungu, na ndiyo sababu askari wa nchi zetu huvaa kofia ya buluu. Tangu mwaka 2013 Malawi, pamoja na Tanzania na Afrika ya Kusini, zilipeleka vikosi mashariki ya Kongo kuunda brigedi iliyopewa mamlaka ya kushambulia makundi yenye silaha. Mwezi wa Novemba, 2018, karibu na Beni, askari sita wa Malawi na mmoja wa Tanzania walipoteza maisha katika mapambano. Mmoja wa Wamalawi hao, Praiveti Chancy Chitete, aliuawa akimwokoa mwenzake wa Tanzania aliyejeruhiwa, na mwaka 2019 akatunukiwa nishani ya Kapteni Mbaye Diagne, iliyo ya juu katika Umoja wa Mataifa kwa ushujaa. Nchi aliyokufa akiilinda ndiyo waliyotoka wengi wa watu wa Dzaleka. Lester hakupata hata mtu mmoja wa namna hiyo upande wake.

Upande wa pili ni wa kila mmoja wetu aliyevaa sare. Danzig ilikuwa na katiba nzuri, mahakama iliyoisemea katiba hiyo, na mlinzi mwaminifu. Kilichokosekana ni polisi wa kuitekeleza. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwezi wa Desemba, 1987, ikaweka mipaka yake, kama nchi yenye haki ya kufanya hivyo. Mwaka 2023, serikali ilipoamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini, Lilongwe ikiwamo, warudi Dzaleka, agizo hilo lilitekelezwa na polisi, mtaa kwa mtaa na duka kwa duka. Kwa mama aliyesimama mbele ya duka lake na karatasi mkononi, sheria yote ya Geneva na ya Lilongwe ilikuwa katika uso wa konstebo aliyekuwa mbele yake: namna alivyoisoma karatasi ile, namna alivyosema na watoto, na kama mali iliandikwa au ilipotea.

Kamishna Mkuu aweza kuandika taarifa, na mahakama yaweza kutoa hukumu. Lakini mahali ambapo sheria hugeuka kuwa haki au dhuluma ni mlangoni, mbele ya raia, kati ya askari na amri aliyopewa. Polisi wa Danzig walisimama mlangoni pa Sean Lester na kuwafukuza waliokuja kutafuta haki. Ndugu askari, siku utakapowekwa kulinda mlango wa namna hiyo, huna budi kujua unaulinda kwa ajili ya nani.